Gari Likivuta Upande: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kulipia Alaimenti

Mama mmoja alileta Premio yake kwenye banda letu Ndeeba, amechoka nayo. Gari lilikuwa linavuta kushoto kwa miezi mitatu, na mkobani alikuwa na risiti tatu za alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, kila moja ya mahali tofauti. Baada ya salamu aliniambia, "Fundi, nakuomba, usinitume tena kwenye alaimenti." Alikuwa ametoka Mukono moja kwa moja. Nikalizunguka gari, nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Mbele kulia, vuguvugu. Nyuma zote mbili, vuguvugu. Mbele kushoto joto lilinipiga kiganjani kama mtu aliyefunua sufuria jikoni, na harufu ya pedi iliyoungua ilikuwa palepale. Breki ya gurudumu hilo ilikuwa haiachii. Miezi mitatu yote gari lilikuwa linatembea huku gurudumu moja limeshikwa. Kosa lenyewe lilikuwa pini mbili za kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) zilizokauka baada ya mpira wake wa kuzuia vumbi kupasuka.

Kisa kama hicho nakutana nacho mara kwa mara, na kinaniuma, kwa sababu fedha inaliwa na hatari inabaki barabarani. Alaimenti ni kazi ya lazima, siipingi hata kidogo. Lakini mashine yake hupima pembe za magurudumu, basi. Haioni kalipa iliyoganda, haioni tairi lililoharibika kwa ndani, wala haijui kwamba barabara unayopita kila siku imeinama. Ndiyo maana katika mwongozo huu alaimenti inakuja mwisho. Tunaanza na vipimo ambavyo havigharimu kitu.

Tafuta kipimo chako mwenyewe cha upepo wa matairi, jeki na stendi mbili imara, spana ya nati za magurudumu, tochi, tepu ya kupimia na kipande cha chaki. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika moja. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe au vipande vya mbao.

Kwanza: linavuta lini?

Watu wengi wakifika gereji husema tu, "Linavuta kushoto." Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine, iliyo muhimu zaidi, ni lini linavuta. Panda gari, tafuta barabara nyoofu isiyo na magari, asubuhi ya Jumapili kwa mfano, na uendeshe kwa kilomita 50 hadi 60 kwa saa. Legeza vidole kwenye usukani lakini usiondoe mikono. Sikiliza gari linakwenda wapi lenyewe.

Likivuta muda wote, ukikanyaga mafuta au usikanyage, shaka ya kwanza ni upepo, matairi, breki inayoshika, au pembe za magurudumu. Likienda sawa kisha likaruka upande pale tu unapokanyaga breki, chanzo kiko kwenye breki, au kwenye bushi (mipira ya maungio) zilizochoka za amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu. Likivuta unapokanyaga mafuta kwa nguvu na kurudi upande wa pili unapoachia, tazama bushi na maungio ya mguu wa mbele. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele linaweza kuwa na mvuto mdogo wa namna hiyo hata likiwa zima, kwa sababu ekseli zake mbili mara nyingi hazilingani urefu. Kidogo ni kawaida. Likikulazimisha kushindana na usukani, si kawaida.

Kuna dalili nyingine ambayo hupotosha hata mafundi. Ukikata kona ya kulia, gari linaendelea kupenda kulia. Ukikata ya kushoto, linapenda kushoto. Hapo hakuna upande unaovuta. Kuna kitu kinachonata na kuuzuia usukani kurudi katikati: sahani ya juu ya shokapu, balijointi (kiungo cha mpira wa chuma kati ya amu na gurudumu) iliyokauka, au kiungo cha nguzo ya usukani. Ukilipeleka gari hilo kwenye alaimenti utarudi na tatizo lako lilelile.

Tenganisha pia mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Gari linaweza kwenda sawa kabisa huku usukani umekaa mshazari. Huko si kuvuta, bali ni usukani usio katikati, na mara nyingi hutokea baada ya kuingia shimoni au baada ya kubadilisha tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Na gari linaweza kuyumba huku na huku bila kuchagua upande. Hilo lina viungo vilivyolegea, na ni hatari kuliko linalovuta.

Andika ulichokiona: upande gani, wakati gani, mwendo gani, na lilianza baada ya nini. Hilo la mwisho lina uzito. Kuvuta kulikoanza ghafla leo asubuhi si sawa na kuvuta kulikokua polepole tangu Krismasi. Kukianza ghafla ukiwa njiani, punguza mwendo taratibu, toka barabarani, shuka utazame. Huenda ni pancha, huenda ni balijointi iliyo karibu kuchomoka.

Barabara yenyewe

Uganda tunaendesha kushoto, na barabara hujengwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji ya mvua yatiririkie mitaroni. Maana yake upande wako kwa kawaida umeinama kidogo kuelekea kushoto. Gari lisilo na kasoro yoyote litateleza polepole kushoto ukiliachia. Barabara za udongo huinuliwa katikati zaidi ya za lami, kwa hiyo mtu anayeishi ndani, mbali na lami, atalihisi zaidi.

Kwa hiyo pima mahali pa usawa: uwanja mpana wa maegesho, au kiwanja cha lami cha ghala baada ya kuomba ruhusa. Kama huna pa usawa, tumia barabara yenye njia mbili za kwenda upande mmoja, na ulinganishe njia ya kushoto na ya ndani. Usijaribu kuhamia upande wa magari yanayokuja ili kupima mwinamo. Nimeona mtu akifanya hivyo na sitaki kukuona wewe ukifanya.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Gari likiteleza kushoto taratibu kwenye barabara iliyoinama, na likaenda sawa kwenye usawa, ni zima, usilipeleke popote. Likivuta kulia kwenye barabara iliyoinama kushoto, lina kasoro bila shaka, maana linapanda mlima lenyewe.

Upepo wa angani nao upo. Kwenye sehemu za wazi kama Lwera, njia ya Masaka, gari refu kama Hiace husukumwa likaonekana lina tatizo. Rudi njia hiyohiyo upande wa pili kabla hujahukumu.

Upepo wa matairi

Asilimia kubwa ya magari yanayovuta ninayoyaona yanaishia hapa, na bado ni sehemu inayorukwa zaidi kuliko zote, kwa sababu watu hutazama tairi kwa macho na kusema liko sawa. Tairi la kisasa haliwezi kupimwa kwa macho. Linaweza kupungua robo ya upepo wake na bado likaonekana limejaa.

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: kuna kibandiko chenye kiwango cha mbele na cha nyuma. Magari mengi madogo ya Japani huwa kati ya psi 30 na 35. Fuata kibandiko, usifuate namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ile ni kiwango cha juu ambacho tairi linaweza kubeba, siyo kile gari lako linachotaka. Magari yetu mengi yameshabadilishwa rimu, kwa hiyo hakikisha pia saizi iliyo kwenye kibandiko ndiyo uliyovaa.

Pima asubuhi gari likiwa limelala, au limepumzika kwa muda wa saa tatu na zaidi. Tairi lililotembea hupata joto na upepo wake hupanda, tena ule upande uliopigwa na jua utasoma juu kuliko ulio kivulini. Na tumia kipimo chako. Vile vya vibanda vya pancha hudondoka chini mara kumi kwa siku, kimoja hakisomi sawa na kingine.

Gari huvuta kuelekea tairi lenye upepo mdogo. Tofauti ya psi tano kati ya magurudumu mawili ya mbele inatosha kabisa kuihisi mkononi. Jaza sawa, endesha, na uangalie. Kama kuvuta kumekwisha, usifurahi mapema: pima tena baada ya siku tatu. Tairi lililopungua peke yake lina sababu, iwe msumari, vali inayovuja, au rimu iliyopinda shimoni ikaachia upepo pembeni. Paka maji ya sabuni ukingoni mwa rimu na kwenye vali, utaona mapovu.

Matairi yenyewe

Upepo ukiwa sawa na gari bado linavuta, soma matairi. Piga magoti, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ukihisi meno upande mmoja kama unapapasa msumeno, magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Likiwa limelika ukingo wa ndani tu au wa nje tu, gurudumu limelala. Likiwa limelika kingo zote mbili, limeendeshwa muda mrefu likiwa na upepo mdogo. Likiwa limelika katikati, limejazwa kupita kiasi. Zungusha usukani mpaka mwisho ili uone ukingo wa ndani kwa tochi. Ndiko uharibifu hujificha.

Soma pia maandishi ubavuni. Magurudumu mawili ya mbele yawe na saizi moja, kwa mfano 195/65R15 na 195/65R15, ya aina moja, yenye kimo cha meno kinachokaribiana. Wengi wetu tunanunua matairi ya mtumba moja moja, fedha inapopatikana, na mbele unakuta jipya kulia na kipara kushoto. Gari hilo litavuta hata pembe zake zikiwa kamili. Kama huna njia ya kununua mawili, yale mawili yanayofanana yaweke mbele wakati unatafuta chanzo. Tazama na umri: tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT zinaeleza wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Lakini kuna tairi ambalo ukilitazama ni zuri, meno yote yapo, na ndani nyuzi zake zimesogea au halikufumwa sawa. Likizunguka hujaribu kwenda upande kama koni inayobingirika. Hakuna jicho linaloweza kuliona. Kipimo chake ni kubadilishana, na kwangu mimi hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote katika kazi hii.

Andika kwa chaki kila tairi lilikotoka. Toa la mbele kushoto, lipeleke mbele kulia, na la kulia lije kushoto. Kaza nati kwa mtindo wa nyota, siyo kwa kuzunguka. Endesha barabara ileile, mwendo uleule. Kama gari lilikuwa linavuta kushoto na sasa linavuta kulia, mmoja kati ya matairi hayo mawili ndiye mhusika. Sasa peleka moja nyuma, lile la nyuma lije mbele, ujue ni lipi. Kama bado linavuta kushoto vilevile, matairi ya mbele hayana hatia, na umeokoa fedha ya matairi mawili.

Kama matairi yako yana mshale wa mwelekeo ubavuni, usiyabadilishe kulia na kushoto. Badilisha la mbele na la nyuma upande uleule, ilimradi saizi ni moja. Kuvuta kukipotea, umelipata.

Nimewahi kubadilisha amu mbili za gari la ndugu yangu kabla ya kufanya kipimo hiki. Amu zilikuwa zimechoka kweli, lakini gari likaendelea kuvuta. Nusu saa ya kubadilishana matairi ilinionyesha. Tangu siku hiyo siagizi kipuri chochote Kisekka kabla ya kubadilishana.

Breki inayoshika

Endesha kilomita kumi hivi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo. Simama taratibu mahali salama. Sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiguse diski, itakuunguza. Ya kushoto na ya kulia zilingane. Moja ikiwa na joto la kukufanya uondoe mkono, na gari linavuta upande huohuo, umeshapata. Dalili nyingine ni vumbi jeusi la pedi lililozidi kwenye rimu moja, petroli inayokwisha upesi, na gari kusita unapoliachia kwenye mteremko.

Subiri lipoe. Liinue, liweke kwenye stendi, gia ikiwa huru, uzungushe kila gurudumu kwa mkono. Mkwaruzo mwepesi wa pedi ni wa kawaida. Gurudumu linalosimama mara unapoliachia, hapana.

Sasa tafuta kinachoshika, maana hapa ndipo watu hununua kalipa nzima bila sababu. Mtu mmoja akanyage breki na kuachia. Jaribu kuzungusha. Likiwa gumu, kinga chombo, kisha fungua kidogo ile skrubu ya kutolea hewa nyuma ya kalipa. Gurudumu likilegea papo hapo, presha ilikuwa imenaswa: hozi ya mpira imevimba kwa ndani, inaruhusu mafuta kuingia na kuyazuia kurudi. Hozi ni rahisi kuliko kalipa. Lisipolegea, kitu chenyewe kimeganda, pistoni au pini. Na kama magurudumu yote mawili ya mbele yanashika, panda juu utazame masta silinda, pampu kuu ya breki. Mafuta ya breki yanakula rangi ya gari, kwa hiyo futa na osha kwa maji kila yanapodondoka. Baada ya kufungua skrubu ile lazima utoe hewa kwenye mfumo. Usiondoke bila kufanya hivyo.

Pini zikiwa kavu, zivue, zisugue, zitazame kama zina kutu iliyochimba. Zipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira na utarudi mwezi ujao gari likiwa limeshika zaidi. Badilisha mipira iliyopasuka. Hii barabara yetu ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua haisamehi tundu hata dogo: vumbi linaingia, maji yanafuata, na pini inakuwa kama imechomelewa.

Likivuta unapofunga breki tu

Hapa fikra inageuka, na wengi hukosea upande. Breki inayoshika huvuta gari kuelekea kwake. Lakini gari linalovuta pale tu unapofunga breki huenda upande wenye breki nzuri, kwa sababu upande wa pili haufanyi kazi yake. Likivuta kulia unapofunga, anza kutazama kushoto.

Fungua gurudumu hilo. Pistoni inaweza kuwa imeganda isitoke. Pini zinaweza kuwa zimeganda na pedi moja tu ndiyo inayofanya kazi. Utaona pedi ya ndani imekwisha na ya nje ni nene. Pedi inaweza kuwa imelowa mafuta kutoka kwenye kalipa inayovuja, au grisi kutoka kwenye buti la ekseli lililopasuka. Pedi iliyolowa haioshwi, inatupwa. Na pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, kushoto na kulia pamoja, za aina moja. Ukibadilisha upande mmoja umejitengenezea mvuto mpya kwa mkono wako.

Breki zote mbili zikiwa sawa na bado linavuta, tazama bushi kubwa ya nyuma ya amu ya chini. Ikichanika, gurudumu hurudi nyuma kila unapofunga breki, na gari linageuka lenyewe.

Gari linaloruka upande kwa nguvu unapofunga breki lisitumike. Sisemi litumike kwa uangalifu. Nasema lisitumike mpaka litengenezwe. Ukiwa nyuma ya lori njia ya Jinja, ndani ya msitu wa Mabira, na barabara ina maji, hutapata nafasi ya pili.

Viungo vya mbele

Gari likiwa kwenye stendi, shika gurudumu kulia na kushoto, litikise kama unataka kulikatisha kona. Mchezo wowote unaosikika, tazama tairodi na maungio ya raki ya usukani. Mtu akutikisie huku wewe umeweka kidole kwenye kiungo; kidole huhisi kile jicho lisichokiona. Kisha shika juu na chini, usukume na kuvuta. Kukiwa na mchezo, mwambie mtu akanyage breki, urudie. Ukiisha, ni beringi. Ukibaki, ni balijointi. Balijointi nyingine hazionyeshi mchezo zikiwa zinaning'inia. Weka chuma kirefu chini ya tairi na uliinue taratibu.

Bushi za amu zitazame kwa tochi. Nyufa nyembamba juu ya mpira si kitu. Mpira ulioachana na chuma chake, huo umekufa. Mwishowe shusha gari, simama mbele, mtu azungushe usukani pole pole huku umeweka kiganja juu ya sahani ya shokapu ndani ya boneti. Ikiruka au kulia kwa mkupuo, ndiyo inayozuia usukani kurudi.

Usukani unaojivuta, na gari lililoegemea

Magari mengi yaliyoingia kwetu miaka ya karibuni yana usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Inua mbele, weka kwenye stendi, washa injini, achia usukani ukiwa katikati. Ukianza kuzunguka wenyewe, kosa haliko kwenye magurudumu. Usukani wa umeme hutaka kuwekwa upya sifuri kwa mashine ya kompyuta. Wa mafuta una vali iliyochoka ndani ya raki. Ni nadra, lakini kipimo chake ni cha dakika mbili, kwa nini usikifanye?

Kisha ondoa mzigo wote. Dereva mmoja wa Noah alikuwa akibeba matoke kila Ijumaa, mikungu yote upande wa kushoto kwa sababu mlango wa kuteleza uko huko. Pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, mahali pa usawa. Kushoto na kulia zikipishana kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, springi imekaa au imevunjika pete moja. Pete iliyovunjika mara nyingi ni ya chini kabisa, imejificha kwenye kikombe chake.

Na tepu hiyohiyo itumie kwa jambo moja zaidi. Magurudumu yakitazama mbele, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto, kisha kulia. Tofauti ya zaidi ya sentimita moja inakwambia kuna kitu kimepinda au kimesogea: amu, fremu ndogo inayobeba injini, au ekseli ya nyuma. Kwa gari la mtumba ninaloombwa kulikagua kabla ya kununuliwa, hiki ni kipimo changu cha kwanza. Rangi mpya inaweza kuficha ajali, lakini urefu wa kushoto na kulia hauwezi kudanganya.

Sasa nenda alaimenti

Upepo sawa, matairi sawa, breki zinaachia, viungo havina mchezo. Sasa fedha ya alaimenti haitapotea. Omba karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada, magurudumu yote manne. Ukiambiwa karatasi haipo, tafuta kwingine.

Kwenye karatasi kuna maneno matatu. Tou ni jinsi magurudumu yanavyotazama ndani au nje yakionekana kutoka juu. Hula matairi na kupindisha usukani, lakini tou ya mbele peke yake kwa kawaida haivuti gari, ndiyo maana mama wa Premio alirekebishiwa tou mara tatu bila nafuu. Kemba ni jinsi gurudumu lilivyolala likionekana kutoka mbele. Gari huvuta upande ambao kichwa cha gurudumu kimelala nje zaidi. Kasta ni jinsi mguu unavyoegemea nyuma ukionekana kutoka ubavuni. Gari huvuta upande wenye kasta ndogo. Linganisha kushoto na kulia. Tofauti ya zaidi ya nusu digrii, kwa kemba au kwa kasta, ndiyo inayovuta.

Kwenye magari mengi madogo mashine inaweza kurekebisha tou tu. Kemba na kasta hazina skrubu yake. Zikiwa nje ya kiwango, usikubali zilazimishwe kwa kupinda kitu. Uliza ni nini kimepinda. Mara nyingi ni amu, mguu wa shokapu, au fremu ndogo iliyosogea baada ya kufunguliwa na kufungwa bila kupangwa. Tazama pia tou ya nyuma: magurudumu ya nyuma yakitazama upande, gari linatembea mshazari kama mbwa, na utaendesha ukiwa umepinda usukani maisha yote.

Likitoka kwenye mashine, liendeshe barabara ileile uliyoanzia, mwendo uleule, ukiwa na karatasi yako ya mwanzo. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za magurudumu, pima upepo, na uweke kiganja kwenye rimu zote nne.